Mtaji Tumewapa, Mpaka Je?

Kila wiki napokea kwenye simu tangazo jipya la kuwainua vijana wa Afrika wanaotaka kufanya biashara ya kuvuka mipaka. Mara semina Dar, mara shindano la mawazo ya biashara Kigali, mara kambi ya mafunzo Nairobi na picha ya mshindi ameshika hundi ya kadibodi. Naishi Ujerumani, mji wa Aachen, na marafiki hunitumia matangazo haya kwa sababu wanajua jambo lenyewe naliweka moyoni. Sina ugomvi na semina. Ninachosema ni kwamba tumemsaidia kijana mpaka alipofika mpakani, kisha tukamwacha hapo peke yake.

Nyumbani kuna mambo tunayoyafanya vizuri na hatuyasifii vya kutosha. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, anaweza kupimiwa bidhaa yake na kupewa alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, bila malipo katika miaka ya mwanzo. Hapa Ujerumani sijaona kijana wa mtaani akipewa mkopo usio na riba kwa sababu tu yeye na wenzake wameunda kikundi. Kwa hiyo ninapolinganisha huku na huko, sianzi na hadithi ya kwamba kwetu hakuna kitu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasindika siagi ya karanga Arusha pamoja na wenzake. Mkopo walipata wa halmashauri, alama ya ubora wanayo, lebo wamechapisha zenye tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Duka moja Nairobi lilionja, likapenda, likaagiza katoni za kuanzia. Wakapakia kwenye Noah, wakaondoka alfajiri.

Mpakani dirisha la kwanza walipita vizuri. Dirisha la pili wakapita. La tatu, kijana aliyekuwa zamu akageuza kopo, akasoma lebo, akasema karanga lazima zipimwe upya sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, cheti walichokuja nacho hakitoshi. Wakauliza hakitoshi kwa kifungu gani. Akasema warudi Jumatatu. Jumatatu alikuwepo mwingine, ambaye alisema tatizo si cheti, ni kwamba sampuli ipelekwe maabara na majibu huchukua muda. Katoni zilikaa juani. Siagi ya karanga isiyo na kemikali ikipata joto, mafuta hupanda juu na kuanza kuvuja kwenye kifuniko, lebo zinalowa, na hata ukija kuruhusiwa hakuna mwenye duka atakayeiweka rafuni. Aliniachia ujumbe wa sauti: "Shikamoo dada. Naomba tu nijue nimekosea wapi, nirekebishe." Mzigo wakaurudisha, wakausambaza kwenye maduka kwa mali kauli, walipwe baada ya kuuzwa, tena kwa bei ya kutupa. Rejesho la mwezi huo likabaki palepale, maana mkopo hauulizi kama ulipigwa danadana.

Hilo swali lake ndilo lililonifanya niandike. Sheria iko upande wake. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, Soko la Pamoja mwaka 2010. Kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango na upimaji, inayotaka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama ipokelewe na nyingine. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani mwanachama, cha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Yote haya yameandikwa na yamesainiwa na marais wakapigwa picha. Lakini siku ile dirishani hakukuwa na hata karatasi moja ambayo mdogo wangu angeweza kuishika na kusema: hiki ndicho mlichoninyima, na hii ndiyo sababu.

Sasa nije huku ninakoishi. Aachen iko pale ambapo Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi zinakutana. Sokoni kwetu huja kijana kutoka Eupen, upande wa Ubelgiji, umbali usiofika kilomita 20, anauza asali. Nilimuuliza anabeba karatasi gani akivuka. Alinitajia mkataba wake wa meza ya sokoni. Barabara anayopita inapitia Köpfchen, ambako kituo cha zamani cha forodha siku hizi ni mkahawa na mahali pa maonyesho ya sanaa. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi husimamisha magari, lakini wanatafuta watu. Asali haiwahusu.

Msidhani huyo kijana hana adha. Akitaka kuwatumia wateja wa Ujerumani asali kwa posta, inabidi ajisajili kwenye daftari la taifa la vifungashio na kulipia uchakataji wa chupa na maboksi yake. Ulaya ina urasimu wa kukuchosha hasa, na anayewaambia vijana kwamba huku biashara ni mteremko anawadanganya. Tofauti naiona kwingine kabisa. Barua ya ofisi ya serikali hapa, iwe ya kodi au ya kibali cha kuishi, ikikunyima kitu hukuambia kwa kifungu gani, na mwishoni huwa na aya inayosema: usiporidhika, pinga ndani ya muda fulani, mara nyingi mwezi mmoja, kwa ofisi hii, anwani hii. Mara ya kwanza kuisoma aya hiyo niliirudia mara mbili. Ofisi iliyoninyima ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inanielekeza namna ya kuipinga.

Na wafanyabiashara wa huku walizitumia njia hizo. Cologne, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka kwetu, kampuni moja ilitaka kuleta kutoka Ufaransa kileo cha matunda kiitwacho Cassis de Dijon. Ujerumani ikakataa: sheria yake ilitaka kileo cha aina hiyo kiwe na kilevi kisichopungua asilimia 25, na hicho kilikuwa na kati ya 15 na 20. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 1979 kampuni ikashinda. Toka hapo ikawa kanuni kwamba kinachozalishwa na kuuzwa kihalali nchi moja mwanachama kipokelewe na nyingine, isipokuwa pawe na sababu nzito kama afya ya watu. Kwa wadogo wasio na uwezo wa kesi, tangu mwaka 2002 kuna huduma ya bure iitwayo SOLVIT. Unaandika malalamiko, ofisi ya nchi yako inazungumza na ofisi ya nchi iliyokukwaza, na lengo lao ni kumaliza ndani ya wiki 10.

Wapo watakaosema Wazungu ni Wazungu, wamezaliwa na utaratibu. Wazee wa Aachen wanajua sivyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kahawa ilitozwa kodi kubwa Ujerumani, na ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji, ilikuwa rahisi. Basi watu wa vijiji hivi walipita porini usiku na magunia ya kahawa mgongoni, watoto kwa makundi, na walinzi wa forodha walipiga risasi zikaua watu. Zilikuwa njia za panya kama zile tunazozijua sisi, ambako mwenye bodaboda hupitisha mafuta ya kula na sukari gizani. Walinzi waliongezwa, biashara ikaendelea. Kilichoivunja ni kushushwa kwa kodi ya kahawa mwaka 1953. Kijana anayepita porini leo usimwone mhalifu tangu kuzaliwa. Amepiga hesabu ya siku atakazolala getini, akaona pori ni nafuu.

Jambo linaloniuma zaidi kuliko dirisha la tatu ni amri za ghafla, na hapa nchi zetu zote zina deni. Mwishoni mwa Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kupitia Namanga, kwa hoja ya kukosa kibali na hofu ya magonjwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti mapya, huku malori yakiwa barabarani. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku watu wasio raia kufanya biashara ndogo za aina 15, miongoni mwake uwakala wa fedha kwa simu na kununua mazao shambani. Sipuuzi kilio cha wamachinga wa Kariakoo, wana haki ya kulindwa. Lakini amri ile ilimweka kapu moja Mkenya anayekuja kununua vitunguu Mang'ola na mgeni kutoka bara jingine, kana kwamba Soko la Pamoja halijawahi kusainiwa.

Sumukuvu ni sumu kweli, magonjwa ya kuku ni ya kweli. Serikali ina wajibu wa kulinda watu na simwombi ofisa yeyote afumbe macho. Ninachoomba ni kwamba amri ikitolewa iwe na tarehe ya mbele, na mzigo uliokwisha kutoka ghalani upimwe na upite ukiwa salama. Kampuni kubwa hungoja. Ina ghala Arusha na nyingine Nairobi, ina mwanasheria, ina wakala wa forodha anayejuana na kila dirisha. Kijana ana mzigo mmoja, na mzigo huo ndiyo mtaji wote. Ukiuzuia wiki mbili umeifunga biashara, hata kama hukukusudia.

Bara zima sasa linazungumza Eneo Huru la Biashara la Afrika. Mkataba ulisainiwa Kigali Machi 2018, biashara chini yake ikaanza rasmi Januari 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi walipitisha itifaki ya wanawake na vijana katika biashara. Nafurahi kusikia. Lakini kama karanga za Arusha hazifiki Nairobi, ambako hata lugha ya kubembelezana bei ni moja, sijui zitafikaje Accra.

Kwa hiyo mwenye fedha za kuwasaidia vijana, awe mfadhili, wizara au sisi tulio nje, ninamwomba azielekeze huku. Maabara za pande mbili za mpaka zikubaliane, ili kipimo cha sumukuvu cha Arusha kisirudiwe upande wa pili kwa gharama ya kijana. Kila anayezuiwa apewe karatasi yenye sababu, kifungu, jina la aliyeamua na mahali pa kukata rufaa, kwa Kiswahili, hapo hapo. Pawe na mtu mmoja mpakani ambaye kazi yake ni kupiga simu upande wa pili na kuleta jibu kabla jua halijazama. Hilo la karatasi ndilo la kwanza kwangu, kwa sababu linagharimu kidogo kuliko semina moja ya hoteli, na kwa sababu ofisa akijua ataandika jina lake, ataisoma sheria kabla ya kusema hapana.

Sisi wa ughaibuni tunapenda kutuma mtaji. Mtumie ndugu yako mtaji, mimi pia natuma. Ila pamoja na mtaji, tuchangie wakili. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, na Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30, unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuishitaki serikali iliyokiuka Mkataba. Kampuni kubwa zinaijua njia hiyo. Moja ya sigara ilikwenda kulalamikia kodi ya Uganda kwa sigara zilizotengenezwa Kenya, na mwaka 2019 ikashinda. Msindikaji mdogo wa karanga ana haki ile ile. Shida ni kwamba ibara hiyo inatoa miezi miwili tu, na kijana wa kawaida anaimaliza miezi miwili akiambiwa aje kesho.

Kwa vijana mnaosoma haya na mna mzigo wa kuvusha: mkizuiwa, ombeni sababu kwa maandishi. Mkinyimwa, andikeni wenyewe tarehe, saa, dirisha namba ngapi na maneno mliyoambiwa, pigeni picha ya mzigo na ya kila cheti mlichobeba, na mtumie wakili wiki hiyo hiyo. Miezi miwili inahesabiwa tangu siku mliporudishwa.