Meno Yamekaliwa na Konokono

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili na ugonjwa wake ni baiolojia. Jumamosi bamvua lilikuwa kubwa, maji yamekupwa mbali, akaniburuta Coco Beach, kule kwenye mawe. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye mihogo ya kukaanga.

"Anko, njoo uone!"

Jiweni amekaa konokono wa baharini, gamba lake kama nyumba ya msonge, kileleni tundu. Dogo akaanza kipindi: ukoo wao ni Fissurellidae, maji huingia chini ya gamba, yakapita kwenye matamvua, yakatokea juu kwenye lile tundu. Nikainama, nikasogeza jicho, halafu pua. Ndipo akamalizia kwamba na choo chake hutokea hapohapo. Watoto wa siku hizi, habari muhimu huwekwa mwisho.

Akataka tumgeuze kidogo tuone mguu, kisha tumrudishe. Wapi! Ukishamgusa tu, mguu unang'ang'ania jiwe na gamba linashuka. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta pweza akacheka: "Kijana, huyo hapigiwi hodi."

Neno lile liliniingia. Nikachomoa ufunguo wa geti, nikauchomeka ukingoni mwa gamba, nikabenua. Ka! Mkononi nikabaki na kichwa cha ufunguo. Tukachokoa kwa kijiti cha mshikaki mpaka maji yanayojaa yakatufukuza.

Fundi wa funguo Mwenge alikigeuzageuza kile kichwa.

"Bosi, mimi nachonga meno. Meno yako wapi?"

"Baharini."

"Yamedondoka?"

"Hapana. Yamekaliwa na konokono."

Akaweka tupa chini taratibu, akamwita mwenzake, nikaambiwa nirudie. Muuza vocha naye akasogeza kigoda.

Ufunguo wa akiba alikuwa nao shemeji yenu, Morogoro. Nilipomweleza alikata simu, akapiga upya kwa video aone kama macho yangu ni mekundu.

Usiku, kwenye saa tano, maji yakakupwa tena. Tukarudi na tochi. Jiwe lilelile, konokono hayupo. Usiku hutambaa kwenda kutafuta chakula. Kipande cha ufunguo nacho hakipo.

Dogo akamulika huku na huku, akanitazama.

"Anko, si ana ufunguo? Labda ametangulia nyumbani."