Mimba ya kupandikizwa na maziwa yasiyotoka: nani wa kulaumiwa?

Mama aliyepata mimba kwa kupandikizwa (yai na mbegu kuunganishwa maabara, kisha kiinitete kuwekwa kizazini) akijifungua, mara nyingi kopo la maziwa limekwisha mtangulia wodini. Limo kwenye begi la mtoto, kando ya nepi na khanga. Shangazi analitetea: "Mimba yenyewe ilitafutwa kwa sindano, maziwa yatatoka wapi?" Maneno hayo yamefunga dhana mbili. Ya kwanza, mwili ulioshindwa kushika mimba wenyewe utashindwa na kunyonyesha. Ya pili, dawa za kliniki zimevuruga homoni za maziwa. Upande wa pili wako wanaosema ziwa ni ziwa, tofauti haipo, mama ajitahidi tu.

Shangazi hakulitoa jambo hewani. Utafiti uliofanywa Australia uliona kwamba kina mama wa upandikizaji huanza kunyonyesha karibu sawa na wengine, lakini mtoto akifika miezi 3, wanaomnyonyesha bila kumchanganyia ni wachache zaidi. Lakini tuitazame vizuri picha hiyo: walianza sawa. Kama homoni zingekuwa zimeharibika, tofauti ingejionyesha wiki ya kwanza.

Dawa zenyewe tuzimalize upesi. Projesteroni ya kushikilia mimba kwa kawaida huachwa kati ya wiki ya 8 na ya 12, kondo la nyuma linapokuwa limeishika kazi hiyo. Kufikia kujifungua, miezi imepita. Kinachoyafungulia maziwa ni kutoka kwa kondo: projesteroni huporomoka, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inabaki juu, na kati ya saa 30 na 72 matiti yanajaa. Kondo la mimba ya maabara likitoka, hesabu ni ileile. Kuna tahadhari moja. Katika mimba za kupandikizwa, kondo kung'ang'ania kizazi hutokea mara nyingi zaidi, na kipande kilichobaki ndani huendelea kuuambia mwili kwamba mimba bado ipo. Anayetokwa damu nyingi huku maziwa hayajaja siku ya 4, kizazi chake kiangaliwe kabla hajaandikiwa kopo.

Swali ambalo wodini haliulizwi ni hili: alipandikizwa kwa sababu gani? Afrika, sababu kubwa ya muda mrefu imekuwa mirija kuziba, mabaki ya maambukizi ya zamani ya nyonga. Mrija ulioziba hauna habari na ziwa. Wala mbegu dhaifu za mume hazina. Mama wa namna hiyo anaingia leba na matiti mazima kama ya jirani yake wa kitanda cha pili, ila amebandikwa jina la mgonjwa. Mwenye ovari zenye vifuko vingi, usugu wa insulini (mwili kutoiitikia vizuri homoni ya sukari) au tezi ya shingo iliyolegea ni habari nyingine: huyo anaweza kweli kuchelewa au kupungukiwa. Dalili yake huonekana mapema, matiti kutobadilika ukubwa mimba nzima. Faili likisema "IVF" tu, yaani kapandikizwa, wote hawa wanasomeka kama mtu mmoja.

Penye mzigo hasa ni vile vinavyofuatana na upandikizaji. Mapacha, kwa kuwa wazazi waliolipa mamilioni kutoka mfukoni huomba viinitete viwili wasije wakakosa. Mapacha huleta njiti, na njiti hawezi kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja mpaka karibu wiki ya 34. Kuna na umri mkubwa wa mama. Halafu upasuaji, ambao hupangwa hata pasipo sababu kubwa, kwa vile mtoto huyu "ni wa thamani" (kana kwamba wengine ni wa bei rahisi). Mtoto anapelekwa chumba kingine, mama anarudi wodini saa kadhaa baadaye, na saa ya kwanza ya kunyonya imeshapotea. Dripu nyingi za upasuaji humvimbisha pia mtoto maji. Akiyakojoa, mzani unaonyesha amepungua sana, na kopo linafunguliwa. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaoshauri upungufu upimwe kuanzia uzito wa saa 24, si wa kuzaliwa.

Hapo ndipo ilipo chupa ya usiku wa kwanza, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayokausha maziwa mengi yanayosingiziwa maabara. Mlo mmoja wa mtoto katika saa 24 za mwanzo ni mililita 2 hadi 10, yaani si zaidi ya vijiko viwili vya chai. Chupa ya ukarimu ina 30, wakati mwingine 60. Mtoto analala kwa muda wa saa nne au tano, ukoo unafurahi, na ziwa linakaa bila kuguswa. Maziwa yasiyotolewa huliagiza ziwa lipunguze. Usiku wa pili mtoto anataka ziwa kila baada ya dakika ishirini, jambo la kawaida kabisa, lakini linatafsiriwa kuwa hashibi. Chupa ya pili. Siku ya 4 matiti hayajajaa, na shangazi anasema: niliwaambia.

Wanaosema tofauti haipo nao wana kosa lao. Kumwambia mwenye maziwa machache kweli kwamba ajitahidi tu, huku mtoto anakauka, ni hatari. Nepi chini ya 6 zenye mkojo kwa siku baada ya siku ya 5, mkojo wenye rangi ya tofali baada ya siku ya 3, kinyesi bado cheusi baada ya siku ya 4, uzito kushuka zaidi ya asilimia 10: hapo nyongeza ni tiba, wala si aibu. Yaanze ya mama mwenyewe yaliyokamuliwa, yafuate ya mama mwingine yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu pale penye benki ya maziwa kama ya Pumwani, Nairobi, kisha kopo. Apewe kwa kikombe kidogo, na kila anapopewa, mama akamue.

Kunyonyesha na kukamua baada ya upasuaji nako kuna namna yake. Akiwa na ganzi ya mgongo mama yu macho, mtoto alazwe kifuani palepale mezani. Baadaye amshike kwa mtindo wa kwapani, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, kidonda kisiguswe. Mtoto akiwa chumba cha njiti, mama aanze kukamua ndani ya saa 6, mapema zaidi akiweza. Siku mbili za mwanzo mkono hushinda mashine, kwa sababu dang'a, maziwa ya kwanza, ni nzito na chache, huishia kunata kwenye mpira wa mashine. Kidole gumba juu, vingine chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, bila kuteleza juu ya ngozi. Matone yakingwe kwa kijiko au bomba la sindano. Mara 8 hadi 12 kwa siku. Ile ya saa nane usiku, prolaktini ikiwa juu, ndiyo inayorukwa kwanza, kwa huruma ya ndugu wanaotaka mwenye mshono apumzike.