Bibi wa chumba namba tisa na bibi yangu wa Maswa

Saa tisa usiku niko shifti, mara kengele ya mkeka wa chumba namba tisa inalia. Huo mkeka unalazwa chini pembeni ya kitanda, mzee akishusha miguu tu akaukanyaga, huku kwenye korido inalia. Naenda nakuta bibi wa miaka 88 kasimama mlangoni, gauni la kulalia kalivua kalitupa huko, yuko kama alivyozaliwa, anataka kwenda kwa mama yake maana kumekucha na ng'ombe hawajakamuliwa (alikulia shambani huyu, baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa). Midomo haitulii, anaongea anajijibu. Akiniona ananiambia wewe ndo umeniibia pochi yangu. Namfunika shuka, namwambia mama kasema tunywe chai kwanza. Tunakaa jikoni mpaka saa kumi, ng'ombe anawasahau, anarudi kulala. Asubuhi naandika kwenye faili lake: aliamka, alihangaika kidogo, alikunywa chai, alilala. Imeisha hiyo.

Sasa yeyote aliyekulia kwetu Usukuma, Tanzania, kashajua naelekea wapi. Kibibi kizee, usiku wa manane, uchi, anaongea peke yake. Kwetu huyo ana jina, na jina lenyewe siyo mgonjwa, ni mchawi.

Niko Burnley, Lancashire, kaskazini ya Uingereza, mwaka wa kumi na kitu huu nafanya kazi kwenye nyumba za wazee. Wabongo wenzangu wanaiita kazi ya kuosha vibibi, wacheke tu, hela inaingia na mgongo unauma, ndo mkataba wenyewe. Ila hii kazi imenifanya nimfikirie bibi yangu mzaa baba kuliko nilivyowahi kumfikiria maisha yangu yote, na sijui nimwambie nani kwa hiyo naandika.

Bibi alikuwa na macho mekundu. Kwetu kuni ni shida, watu wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, jiko ni kibanda hakina dirisha, sasa mtu avute ule moshi miaka hamsini na vikope juu yake, macho yatabaki meupe kwa lipi? Hilo kila mtu alikuwa analijua. Wanawake wote pale kijijini macho yao yalikuwa yanaelekea hukohuko, mama yangu mwenyewe alikuwa anatoka jikoni machozi yanamtiririka. Lakini akishazeeka, yaleyale macho yanageuka ushahidi. Kuna vikongwe Shinyanga na Mwanza wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho, sisemi jipya, mnajua.

1993 nina miaka kumi, darasa la tatu. Usiku nimetoka kukojoa, mbalamwezi imewaka, namwona bibi pembeni ya zizi la jirani, hana nguo, anaongea na ng'ombe. Nikarudi ndani mbio nikajifunika gubigubi. Kesho yake nikamwambia rafiki yangu shuleni, na rafiki kwa umri ule ni redio. Zikapita wiki, mvua zikawa nyingi, mtoto wa yule jirani akapata degedege. Wale wa zamani mnakumbuka habari ya degedege, kwamba ni mdudu wa usiku kapita juu ya mtoto, na kwamba mtoto akichomwa sindano ndo anakufa kabisa, kwa hiyo kwanza anapelekwa kwa mganga, afukizwe, zahanati baadaye. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Akafa. Mganga akaletwa kutoka sijui wapi kupiga ramli, na ramli zenyewe mnazijua, mtu hataji jina, anauliza maswali tu mpaka nyie wenyewe mnalitaja.

Nikaitwa. Nikakalishwa kwenye kigoda mbele ya sungusungu, wale walinzi wa kijiji, na wazee, nikaulizwa umeona nini. Nikasema. Na niwaambie ukweli, nilijisikia raha, ilikuwa mara ya kwanza watu wazima wananyamaza mimi naongea. Mmoja akauliza, mkononi alishika nini? Nikasema alishika kitu cheusi. Hakuwa ameshika kitu.

Baba mdogo alimtorosha usiku uleule kwa baiskeli mpaka barabarani, asubuhi wakapanda basi la Mwanza, akaenda kukaa kwa shangazi Igoma kwenye chumba kimoja. Shangazi alikuwa anafunga mlango kwa nje kila jioni. Naye alikuwa anamwogopa, mama yake mzazi. Bibi alifariki 1996 na mi sikwenda msibani, walisema nina mtihani.

Alafu Mungu naye ana vituko, katika Uingereza nzima nikaja kuangukia chini ya mlima wa wachawi. Dirisha la jikoni kwangu linatazama mlima wa Pendle, siyo mlima wa kutisha, mita 557 tu, Mchaga ataucheka. Huku mabasi ya kutoka Manchester kuja Burnley yanaitwa Witch Way, basi la wachawi yaani, watu wanapanda wanaenda kazini. Kijiji cha Newchurch kuna duka wameweka sanamu za wachawi nje, mapua marefu, mafagio, watoto wanapigwa picha. Siku za kwanza nilikuwa napita pale nashika msalaba wangu mfukoni, sikatai.

Mpaka nilipoenda ngome ya Lancaster na wenzangu wa kazini nikaelezwa kisa chenyewe. Machi 1612 kuna binti alikuwa anaombaomba njiani, akakutana na mchuuzi anayetembeza bidhaa, akamwomba pini, mchuuzi akamnyima. Mchuuzi akaenda hatua chache akaanguka, upande mmoja wa mwili umekufa, mdomo umepinda, kusema hawezi. Sisi tunaofanya kazi hizi hata hatuhitaji kumaliza kusikiliza, hiyo ni kiharusi, ungepiga simu gari la wagonjwa likaja. Wao wakauliza nani alikuwa naye njiani. Binti mwenyewe akaamini kwamba kamloga, akaenda kumpigia magoti akiomba msamaha. Kutoka hapo kesi ikavuta familia nzima na majirani, akiwemo bibi yake wa miaka kama 80, kipofu, akafia gerezani kabla ya kuhukumiwa, na kizee mwingine wa umri uleule ambaye karani wa mahakama aliandika kwamba macho yamekwisha na midomo muda wote inatembea. Niliposikia hiyo ya midomo nikamkumbuka wa chumba namba tisa, nikacheka, alafu nikaacha kucheka.

Agosti 1612 wakanyongwa watu kumi. Na shahidi mkubwa alikuwa nani? Mtoto wa miaka kama tisa, Jennet Device, mdogo wake yule binti. Mama yake alipomwona akapiga kelele mpaka ikabidi atolewe nje, mtoto akapandishwa juu ya meza ili mahakama imwone vizuri, akasema. Mama, kaka na dada, wote wakanyongwa.

Wenzangu walienda kununua kahawa. Mi nilibaki pale nafikiria ile meza, na kigoda.

Kwa hiyo watu wanaposema wazungu wana akili ya sayansi sisi tuna ushirikina, kama vile ni damu, huwa nanyamaza tu. Walikuwa hivihivi. Na mchuuzi aliyepooza walimfanyia kilekile kijiji chetu kilichomfanyia mtoto wa degedege, mgonjwa yuko pale anahitaji mtu wa kumshughulikia, watu wote wameshaenda kumtafuta mwenye makosa. Na hata hii sheria ya uchawi tuliyonayo Tanzania ni ya 1928, waliitunga wao. Kwao wachawi wameshawahamishia kwenye mabasi, sisi wakatuachia sheria.

Nimekaa nikajiuliza hospitali za huku zinampa nini bibi wa namba tisa ambacho bibi yangu hakupata. Dawa? Hakuna dawa. Dimensia haiponi, kuna vidonge vinapunguza dalili kidogo kwa muda kwa baadhi ya watu, basi. Daktari Alzheimer alieleza aina yake moja tangu 1906 na mpaka leo huponi. Alichopewa bibi wa namba tisa ni karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa. Karatasi inasema ubongo wake unasinyaa, kwa hiyo akikuita mwizi, akivua nguo, akiongea na ng'ombe ambao hawapo, hakuna kesi. Hata mwanae aliyekuwa ananuna kwa kutukanwa, alipoelezwa na nesi kwamba ni ugonjwa unaongea, alikaa kwenye gari akalia, siku iliyofuata akaja na keki. Mimi hiyo karatasi naiona kama hati ya kuachiwa huru. Bibi yangu hakuhitaji mashine ya kupiga picha kichwa, alihitaji mtu mmoja tu pale kwenye kikao aseme, jamani, huyu anaumwa.

Ila msidhani huku wamemaliza. Swali la "nani" bado wanalo, wamelificha tu. Mtu akisema ana saratani ya mapafu, swali la kwanza utalisikia: alikuwa anavuta? Yaani kajiloga mwenyewe. Mzee mmoja wa sukari hapa kazini, mguu umekatwa, alikuwa ananiomba radhi mimi kwa kupenda kwake keki. Na 2014 wakati wa Ebola, sehemu niliyokuwa nafanya kazi kabla ya hapa, nimerudi likizo, nimepita Dar, nakuta kikombe changu kimetengwa peke yake juu ya friji. Meneja ananiambia kwa upole sana nikae nyumbani siku 21, bila malipo. Ebola ilikuwa Liberia, Siera Leone na Gine. Nikafungua ramani nikawaonyesha, kutoka Dar mpaka Monrovia ni kama kilomita 5,700, kutoka London mpaka Monrovia kama 5,100, nyie ndo mko karibu! Wakaitazama ramani wakasema ndiyo, kweli, pole, alafu kikombe kikabaki juu ya friji. Ndo nikajua kumbe ukishakuwa umeonekana ukiwa na macho mekundu, ramani haisaidii.

Nyumbani nikisimulia kazi yangu watu wanapenda kusikia kwamba wazungu wanatupa wazazi wao. Wanataka niseme hivo ili tujisifie undugu. Sisemi. Kwanza sijui kama mtu anayelipa hela nyingi vile kila wiki ametupa kitu. Pili, huo undugu tunaousifia ukiuchunguza vizuri ni mwanamke mmoja. Familia ina watoto saba, anayeamka usiku kumbadilisha mzee shuka ni mmoja, na mara nyingi ni yule aliyeachika akarudi nyumbani au ambaye hajaolewa, halipwi, hapewi hata siku moja ya kupumzika, na kwenye kikao cha ukoo anakaa mwisho. Mi huku nikipiga shifti ya usiku kesho yake nalala.

Nasema hivi kwa sababu kwetu huyo mwanamke ni mdogo wangu. Mama ameanza. Mwaka jana alikuwa anauliza kitu kilekile mara tatu, tukasema uzee. Mwezi wa tatu akaweka sufuria tupu motoni akaenda kulala. Sasa hivi anamuulizia baba, na baba tumemzika 2007. Mdogo wangu akanipigia analia, anasema kaka, shangazi kaja, anasema haya ni mambo ya watu, kuna mtu kamchezea mama kwa ajili ya lile shamba, anataka tumpeleke kwa mtaalamu mmoja Bariadi. Nikamwambia mpeleke Bugando kwanza, ile hospitali kubwa ya Mwanza. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kaka, Bugando watamponyesha? Nikasema hapana. Akakaa kimya, alafu akasema, mtaalamu anasema atamponyesha.

Hapo sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kujifanya nilikuwa nalo. Nilimwambia tu kwamba mtaalamu akishindwa atataja jina la mtu, daktari akishindwa hatataja. Akasema sawa. Shangazi nikamtumia voisi ndefu, dakika saba, nimemweleza ubongo, nimemweleza wazee wangu wa huku, nimemkumbusha ule mlango wa Igoma. Kasikiliza, tiki zile za bluu nimeziona, hajajibu. Sijui kama ni ubongo uliomkera au Igoma.

Walienda Bugando, wakapewa jina la ugonjwa kwenye karatasi, mdogo wangu kaiweka kwenye bahasha pamoja na hati ya shamba. Lakini kinachomnyima usingizi siyo karatasi, ni kwamba mama ameanza kufungua mlango usiku. Kufunga kwa nje nilimkatalia kabisa. Nikamweleza ule mkeka wetu wa hapa, akacheka, kaka hapa umeme wenyewe unakatika. Tukakaa kwenye simu tunafikiria, akasema ngoja.

Juzi kanitumia picha. Kengele ya ng'ombe ya marehemu baba, ile kubwa ya dume, kaifunga kwa kamba ya katani juu ya mlango wa mama. Anasema inasikika mpaka kwake, anawahi kumfunika kanga kabla hajafika uani, alafu wanakaa jikoni wanakoroga uji saa tisa usiku, na mama anamuuliza ng'ombe wameshakamuliwa.