Hukumu ya Anayejua Mwisho wa Kisa

Ningalijua huja nyuma, walisema wahenga, na kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumsuta aliyekosea. Mimi naona inamgusa zaidi anayesuta. Jambo likishaharibika, kila mtu anaona dalili zilikuwa wazi, na aliyeshika usukani anaonekana kipofu. Tunasahau kwamba alipozitazama dalili hizo, zilikuwa zimechanganyika na nyingine chungu nzima zilizoelekeza kwingine, na hakuna iliyokuwa imepigwa rangi nyekundu.

Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alilipima jambo hili mwaka 1975. Aliwapa watu maelezo ya vita vya 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Baadhi hawakuambiwa vita viliishaje. Wengine waliambiwa, na si wote walioambiwa ukweli. Kwa jumla, mtu aliyepewa tokeo fulani aliliona kuwa lilitarajiwa zaidi kuliko alivyoliona asiyeambiwa kitu. Hata walipotakiwa kujibu kana kwamba hawajui, hawakuweza kuitoa habari hiyo vichwani mwao.

Lakini utafiti ambao sijaweza kuachana nao ni wa Kim Kamin na Jeffrey Rachlinski, wa 1995. Walitunga kisa cha mji wenye daraja la kuinuka, ambalo lingeweza kusababisha mafuriko. Je, mji umwajiri mtu wa kulisimamia wakati wa baridi, au hatari ni ndogo mno kustahili gharama hiyo? Katika kundi lililoamua kabla ya tukio, asilimia 24 tu waliona tahadhari inahitajika. Kundi jingine liliambiwa kwamba mafuriko yametokea, likaulizwa kama mji ulifanya uzembe. Asilimia 57 wakasema ndiyo.

Itazame tofauti hiyo taratibu. Daraja ni lile lile, mto ni ule ule, na takwimu zilizokuwa mezani hazikubadilika. Kilichoongezeka ni maji. Wengi wa kundi la kwanza wangefanya kile kile ambacho wengi wa kundi la pili walikiita uzembe. Kundi la tatu lilionywa lisihukumu kwa kujua mwisho, na onyo halikusaidia kitu cha maana. Sasa mweke hapo daktari, nahodha au mhandisi. Akijua kwamba atapimwa kwa tokeo peke yake, hatachagua lililo bora. Atachagua lile litakalomwia rahisi kujitetea siku mambo yakiharibika. Vipimo visivyohitajika vitaagizwa, na safari zilizo salama zitaahirishwa. Gharama hiyo haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote.

Na upofu huu una upande wake wa pili. Mafundi wa kompyuta walihangaika miaka kadhaa kurekebisha programu zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, ambazo zingeweza kuusoma mwaka 2000 kama 1900. Tarehe 1 Januari 2000 ilipopita kwa utulivu, wengi walicheka: kumbe ilikuwa kelele tu! Huenda sehemu ya hofu ilitiwa chumvi. Lakini ajali iliyozuiwa haina picha, na aliyeizuia huonekana mpiga kelele.

Wapo wanaojibu kwamba hoja hii ni kichaka cha wazembe. Wana haki ya kuogopa. “Nani angejua?” ni sentensi tamu kwa kila aliyepuuza onyo, na bila kutazama nyuma hatujifunzi lolote. Usalama wa ndege umejengwa juu ya uchunguzi wa ajali. Tena, ujuaji wa baadaye unaweza kupelekwa mbele: mwanasaikolojia Gary Klein hushauri kwamba kabla ya kuanza mradi, wahusika wajifanye umeshafeli, kisha kila mmoja aandike sababu. Watu hutoa sababu kwa urahisi zaidi wakishaambiwa mwisho. Ni kasoro ile ile, ila hapa imepewa kazi.

Kwa hiyo sisemi tusihukumu. Nasema swali la “haikuwa wazi?” halifai, kwa sababu baada ya tukio jibu lake ni ndiyo karibu kila mara. Chukua Challenger, ndege ya anga za juu ya Marekani iliyolipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu saba. Ingekuwa rahisi kuwatetea waliotoa ruhusa kwa kusema tunawahukumu tukijua mwisho. Lakini usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kuirusha walipinga irushwe katika baridi ile. Wakubwa wao walikubaliana nao mwanzoni, kisha wakageuka. Na mhandisi mmoja, Roger Boisjoly, alikuwa ameshaandika waraka kuonya kwamba tatizo la vizibo vya mpira vya roketi hizo lisiposhughulikiwa, watu wangeweza kufa. Waraka wake una tarehe ya 31 Julai 1985.