Uvimbe wa ovari kwa mjamzito: kuutoa au kuusubiri?

Mjamzito wa Liwale au Newala, kusini mwa Tanzania, anapoambiwa na mpimaji wa ultrasaundi kwamba ovari yake moja ina uvimbe, jamaa waliomsindikiza huuliza utatolewa lini. Madaktari wenyewe hawana jibu moja, na kila upande una sababu za kusikilizwa.

Wanaopendelea upasuaji wanakumbusha kwamba ovari iliyobeba uvimbe inaweza kujisokota, damu ikashindwa kupita, na mama akapasuliwa usiku kwa dharura, jambo linalomhatarisha yeye na mimba kuliko upasuaji uliopangwa. Tena, ingawa uvimbe mwingi hauna madhara, takriban 1 hadi 5 kati ya kila 100 huwa saratani, ikiwemo disigerminoma, ambayo huwapata hasa wanawake vijana.

Wanaopendelea kusubiri wanajibu kwamba vifuko vingi vya maji hunywea vyenyewe kabla ya wiki ya 16, na kwamba katika wiki za mwanzo ovari ndiyo inayotoa projesteroni ya kuishikilia mimba, hadi kondo la nyuma lichukue kazi hiyo. Vipimo vya damu navyo si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa CA-125 na AFP, protini za damu zinazopimwa kutafuta dalili za saratani ya ovari, hupanda kwa sababu ya ujauzito wenyewe. Ndiyo maana upasuaji usio wa dharura hupangwa baada ya wiki ya 14.

Hoja yao yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya uvimbe adimu uitwao luteoma ya ujauzito. Huu hukua kwa kuchochewa na homoni za mimba, mara nyingine katika ovari zote mbili, na ukikatwa huonekana wenye nyama ndani, wa rangi ya kahawia, kama saratani hasa. Baadhi ya wenye nao huota ndevu na sauti ikawa nzito, kwa sababu uvimbe hutoa homoni za kiume, na mtoto wa kike tumboni anaweza kuathirika. Hata hivyo si saratani, na baada ya kujifungua hunywea wenyewe. Tatizo ni kwamba mara nyingi hugunduliwa kwa bahati wakati wa upasuaji wa kujifungua: tumbo liko wazi, daktari wa wilaya yuko peke yake, na mbele yake kuna ovari mbili zilizovimba. Akizitoa zote, mwanamke wa miaka 25 hatazaa tena na ataingia ukomo wa hedhi siku hiyohiyo. Akichukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara, akafunga tumbo na kumrudisha mama kwa ultrasaundi baada ya wiki kadhaa, huenda akawa amemwokoa na hasara isiyorekebishika.

Lakini kusubiri ni tiba pale tu mama anapoweza kufuatiliwa, na hapa ndipo siwezi kukubaliana kikamilifu na wanaosifu kusubiri. Hatari ya kujisokota huwa kubwa zaidi kati ya wiki ya 10 na ya 17, yaani wiki zilezile tunazomwambia avute subira. Aliye karibu na hospitali ya Ligula mjini Mtwara au Sokoine mjini Lindi anaweza kufikishwa upesi maumivu yakianza; aliye ndani ya Liwale, masika yakiwa yameharibu barabara, hana uhakika huo. Kwa kifuko chembamba cha maji kisichozidi sentimita 5, ningemruhusu arudi kwao. Uvimbe mkubwa wenye nyama ndani ningetaka ufuatiliwe mama akiwa kwa ndugu mjini, kisha utolewe baada ya wiki ya 14 usipopungua.

Yote haya yanadai mama awe amefika kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Anayeanza kliniki mwezi wa sita wa ujauzito anaukuta muda mzuri wa upasuaji umeshapita, na mjadala wote huu haumhusu tena.