Anayekoroma apimwe damu?

Dereva wa trela anayekoroma hadi chumba cha pili, anayeamka na kichwa kizito na presha isiyosikia dawa, anafaa kupimwa usingizi. Lakini kwa mtu wa Kisumu au Nakuru, kipimo cha kulala usiku kucha na nyaya mwilini ni ghali na hakipatikani hivi hivi. Maabara ya damu iko mtaani. Ndiyo maana wazo la kutafuta ndani ya damu madhara ya apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mara kwa mara mtu akiwa amelala, linavutia.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Hesabu ya mara pumzi inapokatika au kupungua kwa saa, ambapo 30 na zaidi huitwa hali kali, haisemi ni nani atakayepata kiharusi. Utafiti wa SAVE wa 2016 uliwafuatilia watu zaidi ya 2,600 wenye apnia na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, na CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku, haikupunguza viharusi wala matukio ya moyo. Ni kweli waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Hata hivyo, huenda si wote waliokuwa na cha kufaidi, na alama ya damu, yaani kitu kinachopimwa kwenye damu kuonyesha madhara, ingewachuja.

Shida ni alama zenyewe. CRP, alama ya uvimbe mwilini, hupanda kwa apnia, lakini hupanda pia kwa unene na, huku kwetu ukanda wa ziwa, kwa malaria. Troponini, protini inayovuja kutoka misuli ya moyo, husema moyo umeumia, haisemi umeumizwa na nini. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: mwenye selimundu, ugonjwa usio mgeni Nyanza wala Magharibi, chembe zake nyekundu hufa mapema, basi kipimo husoma chini na kisukari kikapita bila kuonekana.

Mimi naegemea kipimo cha oksijeni ya damu. Tangu 2019 kuna ushahidi kwamba kina na muda wa kushuka kwake usiku hutabiri vifo vya moyo kuliko hesabu ile ya pumzi kukatika. Kinachohitajika ni kifaa cha kidoleni kinachorekodi hadi asubuhi. Vingi vilivyonunuliwa wakati wa korona havirekodi. Na vifaa vya kidoleni kwa jumla vina kasoro: kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Kwa hiyo daktari asitulizwe na kipimo kimoja cha jioni kinachosoma oksijeni asilimia 94. Atazame inavyoporomoka na kupanda saa baada ya saa, kisha aagize damu akijua anatafuta nini.