Sodiamu haitoi elektroni kwa hiari

Kwa miaka mingi darasani nilisimulia hadithi niliyosimuliwa mimi mwenyewe nikiwa kidato cha pili. Sodiamu ana elektroni moja ya ziada kwenye gamba la nje, klorini kapungukiwa moja atimize nane, basi sodiamu anampa mwenzake na wote wawili wanaridhika. Angalia hata sarufi yake: atomu, ambayo ni ya ngeli ya I-ZI, tumeitia katika A-WA, tukaipa roho na matamanio. Hadithi hiyo nimeiacha, na nawasihi walimu wenzangu nao waiache.

Aliyenitikisa ni mwanafunzi mmoja aliyenyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama sodiamu inatoa kwa moyo mweupe, mbona hapa wameandika kuna nishati ya kuing'oa hiyo elektroni?" Sikuwa na jibu la maana siku ile. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga tangu mwanzo.

Kung'oa elektroni ya nje kutoka kila atomu katika moli moja ya sodiamu, yaani kama gramu 23, kunagharimu kilojuli 496 za nishati. Klorini inapoipokea elektroni hiyo inarudisha kilojuli 349. Toa hapo: tumepungukiwa kilojuli 147. Hiyo ni hasara, tena hasara kubwa. Atomu ya sodiamu na ya klorini zilizo mbali mbali zisingefanya biashara hiyo hata kidogo, nane au si nane.

Pengo linazibwa na mvutano wa chaji. Sodiamu iliyonyang'anywa elektroni inabaki na chaji chanya, klorini iliyoipata inakuwa hasi, na zikikaribiana zinavutana kwa nguvu. Wala hazivutani mbili mbili kama tunavyochora ubaoni. Ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu, yaani atomu yake iliyobeba chaji, imezungukwa na klorini sita: juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Kila klorini nayo ina sodiamu sita. Ioni zinapojipanga hivyo kuwa fuwele zinatoa kilojuli 787 kwa moli. Hata ukilipa gharama ya kuzitenganisha atomu za metali ya sodiamu na kuzivunja molekuli za klorini, bado unabakiwa na kilojuli 411 hivi. Hapo ndipo chumvi inapopatikana.

Aliyewahi kupika kashata anaujua upande wa pili wa jambo hili. Sukari ukiibandika jikoni inayeyuka, inageuka rangi, na usipoiwahi inaungua. Chumvi kwenye sufuria hiyo hiyo itakaa ngumu vile vile, kwa sababu haiyeyuki mpaka ifike nyuzijoto 801. Molekuli za sukari zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu ndogo kuliko ioni za chumvi. Mtoto aliyeshikilia hadithi ya rafiki wawili waliopeana elektroni atalielezaje hilo?

Kwa nini basi sodiamu ipoteze elektroni moja, isipoteze mbili? Hapa ndipo gamba la nje linapostahili heshima yake. Elektroni ya pili iko gamba la ndani, karibu na kiini, na kuing'oa kunataka kilojuli 4,562. Hakuna fuwele ya sodiamu na klorini itakayolipa gharama hiyo. Elektroni nane tunazoziona mwishoni, kwenye gamba la ndani lililobaki, ni mahali hesabu ilipogomea.

Bondi za kushirikiana elektroni nazo ni hesabu hiyo hiyo. Katika hidrojeni elektroni mbili zinavutwa na viini vyote viwili kwa pamoja, na kuzitenganisha atomu zake kunahitaji kilojuli 436 kwa moli.

Sidharau kanuni ya nane, ile isemayo kwamba atomu huelekea kuwa na elektroni nane kwenye gamba la nje. Gilbert Lewis wa Marekani aliieleza mwaka 1916 kwa jozi za elektroni, na mwaka huo huo Walther Kossel wa Ujerumani akaeleza ioni kwa njia inayokaribiana nayo. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ubaya wake ni pale tunapoigeuza kuwa sababu. Kwa miongo mingi wanakemia waliamini gesi ya ksenoni haiungani na kitu, kwa kuwa gamba lake la nje limetimia nane. Mwaka 1962 huko Kanada, Neil Bartlett aliangalia namba. Alikuwa na gesi kali, heksafluoridi ya platini, iliyoweza kuinyang'anya elektroni hata molekuli ya oksijeni. Akaona kwamba kuing'oa elektroni ya ksenoni hakuna gharama kubwa kuliko kuing'oa ya molekuli ya oksijeni. Akazichanganya, zikaungana. Aliyekuwa anawaza kuhusu atomu "zilizoridhika" asingejaribu.

Wapo watakaosema namba hizi ni nzito kwa watoto. Wiki iliyofuata niliandika ubaoni gharama za kuziondoa elektroni za magnesiamu, moja baada ya nyingine: 738, 1,451, 7,733. Sikusema neno juu ya nane. Nikauliza tu, tutaishia ya ngapi? Darasa zima likajibu: ya pili.